Kompyuta ya Elsa Yapata Pumzi

Asubuhi Mama Émérance alikuwa nyuma ya nyumba, akitwanga sombe, majani ya muhogo. Binti yake Elsa aliketi karibu na kinu, akipepeta mchele kwenye ungo. Elsa hakusikia mchi ukipiga, lakini nyayo zake ziligusa udongo, na kila pigo lilimfikia miguuni. Mama alipoacha kutwanga, Elsa aliinua macho mara moja kuona kuna nini.

Elsa alizaliwa akisikia kama watoto wengine. Alipokuwa bado mdogo sana, alipatwa na homa ya uti wa mgongo. Mungu alimwachia uhai, lakini masikio yalikwenda na homa. Tangu hapo watu wa nyumbani walisema naye kwa kuonyesha vidole: kula hiki, chukua kile, lala pale. Kitu kilichokuwa mbele ya macho kilionyesheka. Lakini huwezi kuonyesha kesho kwa kidole.

Kisha akaja mwalimu Francine kutoka Bukavu. Alikaa parokiani Kasongo kwa muda, akifundisha lugha ya ishara kwa wazazi wa watoto wasiosikia. Kabla ya kuondoka alimwita Mama Émérance.

"Mama Elsa," alisema, "mwaka wa masomo ukianza, tutafungua darasa la watoto wasiosikia hapa Kasongo. Nitarudi mbele ya siku hiyo. Elsa ajue ishara za kila siku, ndiyo ataweza kufuata masomo pamoja na wenzake."

"Wee ukienda, nani atamufundisha?"

Francine akampa flashi, ile ambayo watu wa Kasongo huiita klé. Ndani yake mlikuwa na video nyingi. Katika kila video mtu alionyesha ishara moja, polepole, tena na tena.

Kompyuta walikuwa nayo. Baba yake Elsa, André, aliuza vipuri vya pikipiki kule Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Huko aliinunua kwa karani mmoja aliyekuwa anahama. Aliileta mwenyewe kwa pikipiki, imefungwa katika kitenge, akipitia Wamaza. Ilikuwa ya zamani. Betri yake ilikuwa imekufa, kwa hiyo ilitumia moto, yaani umeme, wa betri kubwa ya sola iliyokuwa chumbani.

Basi kila alasiri, kazi za shamba zikiisha, mama na mtoto walikaa mbele ya kompyuta.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kompyuta ile ilikuwa nzito kupita kiasi. Émérance aliiwasha, akaenda kupika sombe, akarudi, akaikuta ingali inazunguka. Ikifunguka, video ilikwama. Mtu wa kwenye video aliinua mkono, na mkono ukabaki hewani. Halafu picha iliruka, na mkono ukaonekana umeshuka. Kati ya kuinua na kushusha, hakuna aliyejua mkono umepita wapi. Na moto wa betri ulikuwa unapungua. Mara nyingi uliisha wakiwa wamejifunza ishara moja tu, nayo si nzima.

Siku moja André alipiga simu kusema kwamba atafika kesho yake. Émérance alifurahi. Alimwita Elsa, akaonyesha ishara ya baba, kisha ishara ya kuja. Kwa kesho, aliweka kidole gumba shavuni kama alivyoona kwenye video. Video ilikuwa imekwama hapo hapo, gumba likiwa shavuni. Hakujua kwamba gumba likienda mbele ni kesho, na likirudi nyuma kuelekea sikioni ni jana. Yeye alilisogeza nyuma.

Elsa aliruka. Alikimbia chumbani, akatoka. Alitazama nyuma ya nyumba, akachungulia jikoni, akaenda mpaka barabarani. Kisha akarudi na kumtazama mama yake. Mama alikuwa amemwambia kwamba baba alikuja jana, na yeye hakumwona.

Siku iliyofuata mvua iliharibu barabara, na André hakufika. Elsa hakutaka tena kukaa mbele ya kompyuta. Émérance alipomshika mkono, aliuvuta, akaenda zake.

Jioni Pitchou, mdogo wake André, alikuja kusalimia. Alimkuta shemeji yake amekaa mbele ya kompyuta iliyokwama.

"Hii mashini imejaa," alisema Pitchou baada ya kuitazama. "Iko na picha mingi, iko na nyimbo mingi. Tufute kidogo, tuitoshe uzito."

Pitchou alikuwa na nia njema. Alifuta picha za arusi, akafuta nyimbo za kwaya. Émérance aliona uchungu, lakini alikubali kwa ajili ya mtoto. Walizima kompyuta, wakaiwasha tena. Ilikuwa nzito vilevile.

"Basi tufute yote, tuanze upya," Pitchou alisema.

"Hapana, shemeji," alisema Émérance. "Picha za arusi zimekwenda na hatukupata kitu. Ngoja kwanza niulize mutu mwenye kujua."

Kesho yake aliifunga kompyuta katika kitenge, akaibeba mpaka kwa Consolée. Consolée alikuwa na ofisi ndogo karibu na soko, ambako watu walikwenda kuchapisha barua na kutoa fotokopi. Walifahamiana kanisani. Émérance alimweleza yote, hata ile habari ya Elsa kumtafuta baba yake nyumba nzima. Consolée aliacha kazi aliyokuwa anaifanya.

"Keti, mama," alisema. "Tuitazame pamoja."

Alifungua kompyuta, akasubiri. Kisha alimwonyesha Émérance mchoro mdogo wa kijani, uliokuwa umepanda mpaka karibu na juu.

"Unaona? Hii ndiyo mémoire. Iko ndogo, na imejaa. Ndiyo maana mashini inahema."

"Lakini shemeji alifuta vitu mingi."

"Alifuta kwenye diski. Diski na mémoire si kitu kimoja." Consolée alifikiri kidogo. "Nyumbani unapepeta mchele, si ndiyo? Mchele wote uko wapi?"

"Kwenye gunia, chumbani."

"Na ule unaoupepeta?"

"Uko kwenye ungo."

"Basi. Diski ni gunia. Vitu vyote vinakaa humo, hata mashini ikizimwa. Mémoire ni ungo. Kazi inafanyika pale. Ungo ukiwa mudogo, utasimama kila mara kwenda chumbani kuchota. Shemeji yako alipunguza gunia, lakini ungo ulibaki uleule."

Émérance alicheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Basi tutafute ungo mukubwa."

"Hiyo ndiyo dawa yenyewe, kuongeza mémoire ndani ya mashini. Lakini mashini hii ni ya zamani. Kipande chake hakipatikani hapa Kasongo. Nitaagiza kwa watu wa Bukavu, na sijui kitafika lini. Wakati tunasubiri, klé inaweza kutusaidia."

"Klé ya kuweka video?"

"Klé inaweza kufanya kazi nyingine pia. Fikiri umeweka beseni la mchele karibu na miguu yako. Beseni si ungo, lakini liko karibu. Unainama tu, unachota. Haulazimiki kwenda chumbani kila mara. Mashini inaweka kwenye klé yale inayoyahitaji mara nyingi, inayachota pale haraka. Kazi hiyo inaitwa ReadyBoost. Iko tayari ndani ya mashini yako. Haiombi hata internet."

Émérance alitoa klé ya Francine kutoka kwenye kibindo chake. "Basi tumia hii."

Consolée aliigeuza mkononi. "Video za mutoto ziko humu tu?"

"Ndiyo."

"Klé inaweza kuharibika bila kukuaga. Kitu unachokipenda kisikae mahali pamoja." Akanakili video zote kwenye diski ya kompyuta ya Émérance, kisha kwenye kompyuta yake mwenyewe. "Sasa ikipotea, hatutalia. Tuijaribu."

Aliichomeka, akabonyeza hapa na pale. Kompyuta ilifikiri, halafu ikaandika maneno ya Kifaransa. Consolée akatikisa kichwa.

"Imeikataa. Inasema klé hii haina mbio ya kutosha. Klé haziko sawa, mama. Kuna za mbio, kuna nzitonzito. Nyingine zinazouzwa sokoni zimeandikwa kwamba zina nafasi kubwa, na ndani hakuna kitu. Papa Elsa iko Salamabila bado?"

"Iko."

"Kule vitu vinafika kutoka Bukavu. Mupigie simu. Atafute klé mupya, ya mbio, kwa muuzaji anayemujua. Nafasi yake ipite mémoire ya mashini mara mbili ao zaidi. Na aijaribu mbele ya kuichukua."

Émérance alipiga simu pale pale. André alisikiliza, akauliza maswali yake, mwishowe akasema, "Nitaitafuta leo. Nitamupa Ngoy, anakuja huko na pikipiki yake."

Ngoy alikuwa dereva wa pikipiki aliyezoea njia ile ya Kabambare, kutoka Salamabila mpaka Kasongo. Safari hii njia haikumzoea. Mvua ilikuwa imebomoa daraja dogo baada ya Wamaza. Ngoy na vijana wa kijiji walibeba pikipiki mabegani, wakavuka maji yakiwafika kiunoni. Alipofika kwa Émérance, alikuwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Alitoa kifuko cha plastiki shingoni, akakifungua, ndani yake mkawa na kingine, na ndani ya hicho klé, kavu kabisa.

"Papa Elsa aliniambia hii ni masikio ya mutoto," alisema Ngoy. "Niliogopa kuiweka mufukoni."

Émérance alimletea maji ya kuoga, kisha wali, sombe yenye mawese, na samaki wa Nyangwe aliyekuwa amemtunzia mume wake. Ngoy alikula mpaka akafungua mkanda.

Alasiri ile Consolée alikuja nyumbani. Hakugusa kompyuta. Alivuta kiti, akakaa pembeni.

"Utafanya wee mwenyewe, mama. Nikifanya mimi, kesho utaniita tena."

Émérance alipangusa mikono kwenye kitenge, akakaa mbele ya kompyuta.

"Chomeka klé," alisema Consolée. "Muzuri. Sasa fungua pale vinapoonekana diski na klé. Umeiona? Weka mushale juu yake, ubonyeze kitufe cha kuume. Shuka mpaka neno la chini kabisa, *Propriétés*."

"Hii hapa."

"Ibonyeze. Juu kuna maneno yamepangwa. Tafuta *ReadyBoost*."

Émérance alipitisha kidole kwenye kioo, herufi kwa herufi, mpaka akalipata. Safari hii kompyuta haikukataa.

"Sasa inakuuliza klé hii ifanye kazi gani. Chagua *Dédier ce périphérique*. Maana yake, klé hii ni ya kazi hii tu. Hatutaweka humo nyimbo wala picha. Halafu bonyeza OK."

Taa ndogo ya klé ikaanza kuwaka na kuzimika.

"Imeisha?" aliuliza Émérance.

"Upande huo umeisha. Kumebaki kitu kingine."

Consolée alimwonyesha programu zilizokuwa zinaamka zenyewe kila kompyuta ilipowashwa. Nyingi zilikuwa za yule karani, na hakuna aliyezihitaji katika nyumba ile. Moja baada ya nyingine, Émérance aliziondolea alama ili zisiamke tena.

"Hii je?"

"Hiyo inalinda mashini na virusi. Iache. Usizime kitu ambacho haukijui kazi yake, uliza kwanza." Kisha akasema, "Nisikudanganye, mama. Klé haitaigeuza mashini hii kuwa mupya. Mashini yenye mémoire kubwa haioni hata faida yake. Na kama shida ni kitu kingine, klé haisaidii. Lakini yako ilikuwa inakosa mémoire, kwa hiyo utaona tofauti. Siku za kwanza kidogo, halafu zaidi, maana inajifunza vitu unavyopenda kufungua."

"Na nikiitoa?"

"Usiitoe wakati unafanya kazi. Ikitoka kwa bahati mbaya, hautapoteza kitu, kwa sababu kila kilicho humo kiko pia kwenye diski. Itarudia uzito wake tu, mpaka uirudishe."

Walizima, wakaiwasha. Émérance alisimama, kwa mazoea, aende kutazama chungu jikoni. Hakufika mlangoni. Consolée alimwita, kompyuta ilikuwa imefunguka.

Émérance alimwita Elsa kwa kupiga sakafu kwa mguu. Elsa alikuja bila haraka, akasimama mbali, mikono nyuma. Mama alifungua video ya kesho.

Mtu wa kwenye video aliweka gumba shavuni. Mkono ukasogea mbele, taratibu, mpaka mwisho. Haukukwama. Ukarudi shavuni, ukasogea mbele tena.

Elsa alisogea karibu. Alitazama, akatazama tena. Aliinua mkono wake mwenyewe, akaufuatisha. Halafu mama akafungua video ya jana, na Elsa akauona mkono ukirudi nyuma.

Mtoto alimgeukia mama yake. Alionyesha ishara ya baba, ya kuja, na ya kesho, gumba likienda mbele. Kisha akatikisa kichwa na kuonyesha vile mama alivyofanya siku ile, gumba likirudi nyuma. Akamnyoshea mama yake kidole. *Wewe ulikosea.*

"Anasema nini?" Consolée aliuliza.

"Ananirudi," alisema Émérance, akafuta macho kwa pembe ya kitenge. "Mutoto wangu ananirudi. Aksanti, Consolée. Mungu akuzidishie."

Tangu siku hiyo hawakukosa alasiri hata moja. Kompyuta ilikuwa bado ya zamani. Mara nyingine ilisita kidogo, kama mtu anayepanda mlima wa pili, halafu ikaendelea. Lakini moto wa betri sasa ulitosha kujifunza ishara nyingi, siyo kusubiri tu. Elsa alijifunza majina ya vitu, kisha maneno ya aibu na furaha, ya kuuliza na kujibu. Émérance alijifunza nyuma yake, mara nyingi akisahihishwa na binti yake kama mwanafunzi mzito. Pitchou naye alikuja kujifunza salamu. Alimwomba shemeji yake msamaha kwa ajili ya picha za arusi, na Émérance akamwambia kwamba arusi yenyewe bado iko.

Francine alirudi kama alivyoahidi. Alikaa na Elsa uani, wakasema kwa mikono kwa muda mrefu. Alipoinuka, alimshika Émérance mabega.

"Nilikuwa na hofu nitamukuta hajui ishara za kutosha," alisema. "Ataingia darasani. Na wee mama, njoo darasani siku zingine. Wazazi wengine wanahitaji kukuona."

Barabara ilipokauka, André alikuja. Alishuka kwenye pikipiki ya Ngoy, akamwinua Elsa juu, akamweka chini. Alikuwa amemletea viatu vya shule. Elsa alivitazama, akaviweka kando. Alikuwa na jambo lingine. Alisimama mbele ya baba yake, akaanza kusema kwa mikono.

André alimtazama mke wake. "Anasema nini?"

Émérance alimwomba Elsa arudie, maana alidhani ameona vibaya. Elsa akarudia, polepole zaidi.

"Anauliza," alisema Émérance. "Anauliza, 'Papa, unakwendaka mbali kwa sababu mimi sisikii?'"

André alikaa chini, pale pale kwenye ngazi ya mlango.

"Tangu lini anawaza vile?"

"Sijui. Hakuwa na namna ya kuuliza."

André alimvuta mtoto, akatikisa kichwa mara nyingi. Lakini Elsa alikuwa anangoja mikono yake. Aliitazama ile mikono mikubwa yenye alama za mafuta ya pikipiki, na ile mikono haikujua kitu.

"Nionyeshe," André alimwambia mke wake. "Hapana. Kazi. Na ile ya kupenda. Anza na hapana."

Émérance alimwonyesha. André alifuatisha. Vidole vyake vilikuwa vigumu. Elsa alimshika gumba, akaliweka mahali pake, akalirudisha tena lilipoteleza. *Hapana. Ninakwenda kazi. Ninakupenda.* André alisema mara ya kwanza, vibaya. Alisema mara ya pili. Mara ya tatu Elsa alielewa. Alimtazama baba yake usoni kwa muda, kana kwamba anahakikisha. Kisha alilaza kichwa kifuani pake, na hapo alibaki.

Siku iliyofuata André alikwenda kwa Consolée kumshukuru, akamkuta Ngoy pale amekuja kutoa fotokopi, akawashukuru wote wawili. Alitaka kusema maneno mengi. Alisema, "Mumenipa mutoto wangu," akawashika mikono.

Aliporudi nyumbani, Elsa alikuwa amekwisha kuwasha kompyuta. Alimvuta baba yake kwa mkono, akamkalisha kwenye kiti. Alifungua video ya kwanza. Mkono ulipanda, ukapita njia yake yote, ukashuka. Elsa alimgeukia baba yake, akangoja. André alijaribu, akakosea. Elsa alirudisha video mwanzo.

André alikuwa amesema atarudi Salamabila mwisho wa juma. Juma lilipofika mwisho, alimpigia simu mwenzake wa duka, akamwomba amvumilie kidogo. Alikuwa bado na masomo.